Gugu la bwawani tunalilisha wenyewe

Wengi mmeniomba niyaweke kwenye maandishi yale niliyoongea Jumapili chini ya mbuyu kuhusu magugu ya bwawa letu, maana wengine mlikuwa shamba na wengine mlifika mkakuta watu wameshaanza kula. Haya, nimeandika kama nilivyoongea, pale nilipokatizwa nimepaacha hivohivo, na kuna vitu viwili vitatu nilivisahau siku ile nimeviongeza.

Mbukwenyi! Mzee mwenyekiti, mheshimiwa diwani, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana wa bodaboda mliofuata harufu ya pilau, karibuni, nafasi ipo huku mbele kwenye mkeka.

Naanza kwa kukiri. Mimi sio mtaalam wa maji. Nilikuwa fundi umeme, nikastaafu, nikajenga pale juu, huu mwaka wa saba sasa, na kilichonileta ni yale maji. Mtu aliyekaa Dodoma mjini miaka mingi akioga kwa ndoo moja tena maji ya mgao, siku akifungua dirisha akaona maji yametulia mbele yake anaweza kulia, na mimi nililia kweli, mke wangu yule pale muulizeni. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka saa kumi na mbili nakaa barazani na chai yangu naangalia maji tu basi. Mwaka wa pili nikaanza kuona kijani pembeni nikasema inapendeza. Mwaka wa tatu maji siyaoni tena, naona majani. Mwaka wa nne nikafanya ujinga ambao baadhi yenu mnaukumbuka vizuri kwasababu mlikuja na ndoo kuokota samaki.

Huo ujinga ntaufikia, msinicheke mapema.

Kwanza tuelewane, maana hapa kila mtu akisema magugu ana lake kichwani. Sisi watu wa viwanja tuliokuja tangu serikali ihamie huku 2016, tukisema magugu tunamaanisha kitu chochote kinachotuzuia kuona maji kutoka barazani. Mvuvi anamaanisha kinachoshika nyavu. Mama anayeteka anamaanisha ule utelezi unaoingia kwenye ndoo. Na mfugaji, tuseme ukweli, mfugaji hana shida na magugu kabisa, ng'ombe wanakula. Ndo maana kila tukiita kikao tunagombana, kumbe tunaongelea vitu vinne tofauti.

Kuna haya marefu ya pembeni, matete, na wenzao wenye kichwa cha kahawia kama mshikaki uliosahauliwa jikoni. Haya mizizi yake iko kwenye tope na majani yako juu hewani. Kuna yale yanayoishi chini ya maji, laini kama mkia wa paka, ukiyatoa nje yananyong'onyea mkononi yanakuwa kama uzi uliolowa. Alafu kuna mwani, ule ukijani unaofanya bwawa zima liwe mlenda, na mlenda mimi naupenda sana na ugali wa uwele ila sio wa kuoga. Dawa ya moja sio dawa ya mwenzie, na hapo ndo hela za wengi zinapopotelea, unamkuta mtu anapiga panga kitu kinachozaana kwa kukatwa.

Hapo mzee mmoja akanyoosha fimbo akasema, mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, zamani ng'ombe walikuwa wengi kuliko leo na bwawa lilikuwa jeupe, haya majani mmekuja nayo nyie na mabati yenu ya rangi. Watu wakacheka wakapiga makofi. Nikamwambia mzee, unajua umesema kweli kuliko unavyodhani.

Sikilizeni. Gugu la majini ni mmea kama mahindi. Linataka jua, linataka chakula, linataka mahali pa kusimama. Jua Dodoma tunalo la kugawia watu. Vile viwili vingine tumelipelekea sisi kwa mikono yetu. Zamani huu mteremko wote ulikuwa pori la miiba, mvua ikinyesha maji yanashuka polepole yamechujwa. Sasa hivi kuna mashamba ya zabibu mpaka karibu na maji, kuna bustani za nyanya na mchicha, kuna nyumba zetu na vyoo vyetu, kuna barabara za kuchongwa ambazo mvua ikipiga zinageuka mito. Na mvua ya kwetu mnaijua, haidondoki taratibu, sisi mwaka mzima tunapata milimita 500 au 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingine inakuja siku moja kwa hasira inabeba kila kitu. Udongo wa juu unashuka, na udongo haushuki peke yake, mbolea imeshikamana nao, hasa ile fosforasi, ambayo inajiganda kwenye chembe za udongo kama unga kwenye mwiko. Mbolea ya DAP uliyomwaga shambani, samadi ya zizini, maji ya sabuni, choo kilichojaa, vyote vinafika bwawani na pale vinafanya kazi ileile vinayofanya shambani. Vinaotesha.

Alafu tope lenyewe. Bwawa likijaa mchanga kina kinapungua, na kina kikipungua jua linafika chini, na hayo matete yanapata pa kusimama maana hayawezi kuota kwenye maji marefu, yanataka maji ya magotini kiunoni hivi. Kwahiyo kila toroli la udongo linaloshuka ni kiwanja kipya umempimia tete. Nendeni hapo Hombolo muone, bwawa la 1957 lile, waliolichimba hawakufikiria kwamba adui atakuwa mchanga, leo ukiongea na watu wa kule wimbo ni mchanga, kina kimekwenda.

Kwahiyo mzee yuko sahihi, ng'ombe hawakuwa shida peke yao, shida ni mteremko kuvuliwa nguo. Na wenzetu wa Kondoa wanajua hii kitu kuliko sisi, nani hapa anaikumbuka HADO? (Wazee watatu wakanyoosha mikono.) Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 wakaondoa mifugo kabisa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Watu walilia, mfugaji kuambiwa toa ng'ombe ni kama kuambiwa toa mguu. Lakini majani yalirudi kule milimani, miti ikarudi. Sisemi tutoe ng'ombe, wazee tulieni, fimbo chini. Nasema mteremko ukivaa nguo na maji yanatulia.

Sasa ujinga wangu.

Mwaka wa nne, mwezi wa kwanza, joto kali, nikaenda duka moja la pembejeo huko mjini, nikamwambia kijana bwana nina majani bwawani yananisumbua, akanipa dawa ya kuua majani ya shambani ile ya kawaida, akaniambia mzee piga yote siku moja umalize. Nikapiga yote. Upande wangu wote na ile kona ya ghuba ndogo inapoingilia korongo. Wiki ya kwanza nilijiona mshindi, majani yanageuka njano yanalala. Siku ya kumi na mbili, kumekucha kuna mawingu, natoka na chai yangu naona perege wamekuja juu wote wameweka midomo nje ya maji wanafungua wanafunga, kama watoto wanaoomba kitu. Nikafikiri wana njaa! Nikawatupia pumba! Ilipofika saa tano walikuwa wanaelea ubavu. Harufu ya wiki ile nyumbani kwangu sina haja ya kuielezea kwa watu wanaosubiri pilau.

Baadae ndo nikaja kueleweshwa na afisa uvuvi mmoja mstaarabu kweli. Samaki hawakufa kwa sumu moja kwa moja, ingawa zile dawa za shambani nyingi zimechanganywa na kitu kama sabuni cha kuifanya ishike kwenye jani, na kile kitu kina madhara kwa samaki na vyura. Walichokosa ni hewa. Majani mengi yakifa kwa pamoja yanaoza kwa pamoja, na wadudu wadogo wa kuozesha wanavuta oksijeni iliyo kwenye maji. Usiku hakuna jua kwahiyo hakuna mmea unaotengeneza hewa, wote wanavuta tu, ndo maana samaki wanakufa alfajiri. Maji ya moto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi, maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 yanabeba saba na nusu hivi. Na hapo ni usawa wa bahari, sisi Dodoma tupo mita 1,100 na ushee juu kwahiyo yetu ni pungufu zaidi. Samaki anajisikia vizuri kuanzia kama 5. Sasa fanya hesabu, Januari, joto, mawingu, mzigo wa majani unaoza, na mzee mmoja na bomba mgongoni. Nilikuwa nimewafungia samaki dirisha.

Na kinachoniuma zaidi, yale ya chini ya maji, mkia wa paka, hayakufa hata moja. Ile dawa inafanya kazi kwenye jani lililo hewani, ikigusa maji na tope imekwisha. Nikayaondolea kivuli tu. Mwaka uliofuata yalikuwa maradufu, tena yanakula mbolea ya wenzao waliooza. Nilinunua magugu kwa hela yangu.

Kwahiyo msimamo wangu kuhusu dawa ni huu, na najua kuna watu hapa hawatapenda: tusitie. Haya ni maji ambayo watu wanateka, mifugo inakunywa, vijana wanavua. Kama kuna siku tutalazimika basi iwe ni dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya kwenye maji, tuwaulize watu wa mamlaka ya viuatilifu na watu wa bodi ya maji ya bonde, apige mtu anayejua, na apige theluthi moja tu, tusubiri wiki kadhaa ndo aendelee. Sio mtu anatoka dukani na chupa.

Na nyie wa zabibu, naomba tusikwazane, ila yale maji ya kuoshea mabomba msiyamwage korongoni. Zile dawa za ukungu za unga wa bluu zina shaba, shaba haiozi, inakaa kwenye tope miaka na miaka, na samaki wadogo haiwapendi. Oshea shambani, mwaga kwenye udongo mbali huko.

Sasa tunafanyaje.

Mimi nimegundua, na nimejaribu miaka mitatu mfululizo sasa, kwamba Dodoma tuna silaha ambayo watu wa maziwa makubwa hawana. Kiangazi. Wenzetu maji yao yapo palepale mwaka mzima, sisi bwawa linashuka lenyewe. Hili letu mvua zikiisha ni kama ekari kumi na mbili, ikifika Novemba linabaki ekari tano. Yaani Mungu anatufungulia mlango wa chini ya maji bila hata kulipia, na sisi tunakaa tu tunalalamika maji yameisha.

Yale marefu, yenye mshikaki, yana siri. Mizizi yake imezama kwenye tope ambalo halina hewa, inaishije? Inavuta hewa kupitia shina. Shina lile ni bomba, katikati kuna vyumba vyumba vya hewa, kateni muone ni kama sponji. Hata likikauka linapitisha hewa, kwahiyo ukikata juu juu kwa fyekeo ukaacha kisiki kinachungulia juu ya maji umelinyoa nywele tu. Ila ukikata chini kabisa, kiwiko kimoja chini ya pale maji yatakapofika, alafu maji yakafunika vile visiki, mizizi inakosa pumzi inaoza. Nani atafunika? Mvua. Kwahiyo ukikata mwezi wa kumi na moja, chini kabisa usawa wa tope, kwa mundu au panga kali, Desemba maji yanapanda yanamaliza kazi. Mimi upande wangu nilikata hivo mwaka juzi, kati ya kila visiki kumi naona kama viwili tu vilichomoza, mwaka jana nikarudia hivyo viwili. Sasa hivi naona maji. Sikutumia hata lita moja ya dawa. Nilitumia vijana wanne, siku mbili, na mbuzi mmoja.

Ukikata mwezi wa tano wakati maji yanashuka, umepoteza siku yako. Visiki vitabaki hewani vinakucheka.

Yale ya chini ya maji ni kinyume chake kabisa, haya usikate! Kila kipande ukikikata kinaenda kuanzisha familia mpya upande wa pili. Yale unayavuta na reki pana iliyofungwa kamba ndefu, unarusha, unaacha izame, unavuta polepole, na mwenzio anasimama nyuma na kipande cha chandarua kilichochakaa anakusanya vipande vinavyoelea. Mimi nimetengeneza reki yangu kwa kuchomelea nondo ya milimita 8, meno kumi na nne, nitaileta. Na siku ya kuvuta iwe siku isiyo na upepo mkali, upepo wa Dodoma wa Agosti ukiukuta utavuta huku vipande vinasafiri kwenda kwa jirani, na jirani mwenyewe ndo yule mnayegombana mpaka.

Pale mama zetu wanapoteka na watoto wanapoogelea kuna njia nyingine, turubai. Nilijaribu mwenyewe, naylon nyeusi nzito, unaitandaza chini kwenye tope wakati maji yameshuka, unaikandamiza kwa mawe, jua halipiti, miezi miwili chini yake hakuna kitu. Lakini ITOBOE. Mimi sikuitoboa. Tope linatoa gesi, ile gesi ikajikusanya chini, asubuhi moja naona kitu cheusi kimejitokeza katikati ya maji kama mgongo wa kiboko, watoto wakakimbia mpaka barabarani, wakapiga yowe kijiji kizima kikatoka na mapanga, kumbe ni turubai la mzee. Toboa matundu kila hatua moja kwa kisu, na mawe yawe mengi.

Mlenda wenyewe, ule mwani, huuvuti kwa reki ukamaliza. Dawa yake haipo ndani ya maji, ipo kwenye mteremko. Hapo ndo tunarudi kwa mzee na fimbo yake.

Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye maji, ziwa, mto, bwawa, hakuna shughuli ya kudumu ya kibinadamu. Najua kuna watu wameanza kuangalia viatu vyao. Nyumba yangu nilipima kwa futikamba mbele ya mwenyekiti, ni mita 64, lakini banda langu la kuku lilikuwa mita 41 na nimelihamisha mwaka huu, kwahiyo siongei kama malaika. Ninachoomba hizo mita 60 tusizione kama serikali imetunyang'anya kiwanja. Zile mita ndo chujio letu. Tupande mabingobingo, majani ya tembo yale, mistari miwili kufuata kontua, yaani kukingama mteremko, tuache majani ya asili, miti ya asili, isifagiliwe. Wenzangu wa viwanja tuna ugonjwa wa kufagia, mtu anataka uwanja mweupe mpaka kwenye maji kama hotelini, alafu anashangaa kwanini maji yanakuwa kijani. Mabingobingo yanashika udongo, na ng'ombe wanakatiwa wanaletewa zizini, mfugaji naye anapata chake.

Na ng'ombe wanyweshewe kwenye mbauti, lile birika la kunyweshea, sio waingie ndani. Ng'ombe akiingia majini anafanya vitu viwili, anakoroga tope na anaacha mzigo. Tukijenga mbauti moja pale chini ya ukuta wa bwawa na bomba la kushusha maji, kina kinatosha maji kwenda yenyewe bila pampu, hiyo hesabu mimi kama fundi naweza kuwasaidia bure.

Ila jamani, tusimalize majani yote. Hii naisema kwa watu wa viwanja hasa. Perege wanakulia kwenye majani, vifaranga wanajificha humo, ndege wanatotoa humo, na yale matete mizizi yake inashika ukingo usibomoke na inakula ile mbolea kabla mwani haujaila. Ukisafisha yote ukabaki na maji matupu, mwakani una mlenda, hamna namna. Mimi nimefungua njia ya upana wa mita sita mbele yangu na dirisha la kuonea maji, basi, pembeni nimeacha. Kila nyumba ikifanya hivo tunabaki na zaidi ya nusu ya majani, inatosha.

Kijana mmoja hapo akauliza, kwanini tusilete samaki wanaokula majani, ameona kwenye simu kuna samaki wa Asia anakula majani kama mbuzi. Ni kweli yupo. Lakini kijana, waulize watu wa Mwanza kuhusu sangara. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 50 na 60 kwa nia njema kabisa, furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa lile, aina nyingi sana zimetoweka, na samaki hana pasi ya kusafiria, mafuriko yakija anatoka bwawani anaingia mtoni. Kuleta samaki mgeni ni jambo la kibali, sio la ndoo nyuma ya bodaboda.

Na hapo naingia kwenye kinachoniogopesha kuliko vyote, tena hatuna bado. Gugumaji. Waliokaa Ziwa Victoria miaka ya 90 wanajua, mitumbwi ilikwama, bandari zilizibwa, watu walikuwa wanaweza kudhani ni shamba. Asili yake Amerika ya Kusini huko, na kilicholileta Afrika ni uzuri wake, lina ua la zambarau linavutia kweli, watu walilibeba kama pambo. Na sasa hivi mjini watu wana vibwawa vya bustani, wanataka maua ya majini. Nimeliona mwenyewe kwenye beseni kwa muuza miche, bei ya soda. Gugu hili linaweza kujidabo ndani ya wiki mbili, pengine chini ya hapo. Chukua mashina kumi, yakijidabo kila wiki mbili, baada ya nusu mwaka ni mashina zaidi ya elfu themanini. Na mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope miaka 15 au 20 zinasubiri. Kule Victoria walileta mbawakavu wadogo wanaokula hilo gugu tu, katikati ya miaka ya 90, na walifanya kazi nzuri sana mpaka karibu na 2000 lilikuwa limepungua mno, lakini baadae likarudi, kwasababu maji bado yalikuwa na chakula. Mnaona tunavyozunguka tunarudi palepale?

Kwahiyo ombi langu la pekee kwa leo, mtu akija na ua la zambarau la kuelea, hata kama ni mkwe wako, lisifike kwenye maji. Likaushwe juani lichomwe. Na mvuvi akitoka na mtumbwi au nyavu bwawa lingine, Mtera au kokote, azikaushe kwanza kabla ya kuzitia hapa.

Kitu nilisahau kusema siku ile na ni cha afya. Konokono wa kichocho wanapenda kukaa kwenye haya majani, kwahiyo tunapoingia kuvuta tusiingie peku. Gambuti, na tuanze kazi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, maana vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, mchana wa saa sita huko. Ukilowa jifute ukauke mapema, usikae na nguo mbichi. Na anayekojoa damu asione aibu, dawa ipo, aende zahanati.

Na majani tukiyatoa yasiachwe ukingoni. Mara mbili nimeona mtu anatoa lundo zima analiacha hatua tatu kutoka kwenye maji, mvua ya kwanza imeoza yote imerudi ndani, umefanya kazi ya bure. Yaache siku mbili yakauke yawe mepesi, maana ukiyatoa mabichi karibu uzito wote ni maji, alafu yapandishwe juu kule nyuma ya mashamba yawe mboji.

Tumekubaliana basi Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu, tunaanzia kwenye ghuba ya korongo. Mwenye mundu aje nao umenolewa, mwenye gambuti za ziada aje nazo, kamba ya katani ninayo mita hamsini. Suala la hela ya bomba la mbauti nilimuuliza mheshimiwa diwani palepale mbele za watu, akacheka akaangalia simu yake, kwahiyo hilo bado.

Mwisho mama mmoja wa kule ng'ambo akauliza hayo matete marefu mkikata mnayapeleka wapi, yeye anataka ya kuezekea banda. Nikamwambia mama chukua yote, njoo na punda. Ila safari hii mpitishe njia ya juu, mara ya mwisho alinimalizia mchicha matuta mawili.